Kila Mtu na Berlin Yake

Tulipoanza kuchanga pesa ya kwenda Berlin, kila mmoja wetu alikuwa tayari na Berlin yake kichwani. Tulikuwa wanafunzi wanne wa Leipzig, majirani wa bweni moja, watu wa kupikiana na kuazimana sufuria. Mwenzetu wa Msumbiji, kijana wa Cabo Delgado, alitaka kuiona ile Berlin ya mashariki aliyosimuliwa na mjomba wake, aliyewahi kufanya kazi kiwandani huko kabla Ukuta haujaanguka. Dada wa Vietnam alikuwa na mama mdogo aliyeshona nguo katika Ujerumani Mashariki hiyo hiyo, na shauku yake ilikuwa kula mahali ambapo Wavietnamu wenyewe hula. Dada wa Rwanda, anayesomea historia, alikuwa na daftari lililojaa majina ya mitaa. Mimi mtoto wa Lindi nilikuwa na jambo moja tu. Nilitaka kumwona mjusi wa Tendaguru.

Ilikuwa Aprili 2024, na safari yenyewe tulikuwa tumeiahirisha majira yote ya baridi. Wanafunzi tunaotoka nyumbani tuna hofu yetu ya pesa. Fedha za ufadhili zikiingia, kwanza ni kodi ya chumba, kisha bima ya afya, kisha kuna za kutuma nyumbani, na kinachobaki kinashikwa kwa kucha. Kusafiri kwa ajili ya kutembea tu huonekana anasa, tena anasa ya aibu, kwa sababu unamjua mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua wakati wewe unapanda treni. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini nimewaona watu wakimaliza shahada ya uzamili huku wanaijua njia ya bweni, ya maktaba na ya duka la bei nafuu, basi. Wameishi miaka ndani ya nchi iliyowatawala babu zetu, na hawakuiuliza hata swali moja. Hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Nauli kwa kweli haikuwa tatizo. Wakati huo palikuwa na tiketi ya euro 49 kwa mwezi iliyokuruhusu kupanda treni zote za mikoa katika Ujerumani nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Treni ya haraka hutoka Leipzig hadi Berlin kwa saa moja na robo hivi. Sisi tulipanda za polepole, tukabadilisha Wittenberg, mji wa Martin Luther, tukala mayai ya kuchemsha huku tukiangalia misitu ya misonobari ikipita. Kilichotugharimu muda zaidi kilikuwa makubaliano. Dada wa Rwanda alikuwa ameweka sharti kabla ya kuweka nafasi ya vitanda hosteli: kila mtu achague mahali pamoja, na wote wanne twende pote. Hakuna kusema "hapo hapanihusu, nitawasubiri kwenye mgahawa." Wakati ule nililiona sharti la mwalimu wa zamu. Leo naliona ndilo lililotupatia mji.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Makumbusho ya historia ya asili yako mtaa wa Invalidenstraße, jengo la zamani la mawe, na ukishavuka mlango tu unaingia kwenye ukumbi wenye paa la kioo, naye amesimama katikati. Nilikuwa nimeona picha zake tangu shule ya msingi. Picha hazisemi kitu. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa popote duniani kinachomfikia kwa kimo. Shingo inapanda na kupanda hadi unalazimika kurudi nyuma ndipo ukione kichwa. Mfupa wake wa mkono wa juu peke yake una mita 2.13. Nilisogea karibu nao kadiri walinzi walivyoruhusu. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, na usoni una nyufa nyembamba nyingi. Nyufa hizo zilinikumbusha bibi yangu, aliyekuwa akisema kwamba wazee wake walibeba mawe ya Mdachi hadi bandarini Lindi na hawakuambiwa yanakwenda wapi.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wenzangu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, aliripoti mfupa mkubwa uliochomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka. Barabara haikuwepo, na wanyama wa mizigo hawakuweza kuishi huko kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo kila kipande kilifungwa kwa udongo, majani na mianzi, kikawekwa begani au kichwani mwa mtu, kikatembezwa karibu kilomita 60 hadi baharini. Wabebaji walikwenda na kurudi maelfu ya safari. Kiunzi chenyewe kilisimamishwa mwaka 1937, na chini ya bendera gani, kila msomaji wa historia anajua.

Kijana wa Msumbiji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja: "Walilipwa?"

Katika yote niliyosoma kuhusu mjusi huyu, nilikuwa nimekutana na umri wake wa miaka milioni 150, uzito wake, chakula chake, hata ugomvi wa wataalamu juu ya jina lake. Swali la malipo lilikuwa pembeni siku zote. Nikamjibu kwamba walilipwa ujira wa rupia, fedha ya koloni. Akauliza tena: "Na kama mtu hataki?" Hapo nikalazimika kuanza mbali kidogo. Vita vya Maji Maji vilizimwa mwaka 1907, na vilizimwa kwa moto: mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikafuata, na wanahistoria hutaja vifo kati ya 75,000 na 300,000 kusini mwa Tanganyika. Miaka miwili baadaye Wadachi wanakuja Tendaguru wanatafuta vibarua. Kodi inadaiwa kwa fedha taslimu. Aliyebaki na nguvu mwilini anakwenda kuchimba. Ukimwita mtu huyo mfanyakazi wa hiari utakuwa umesema nusu ya habari. Nusu nyingine iko makaburini Umatumbi na Ungoni.

Dada wa Vietnam naye akaja na la kwake: "Wanawake walikuwa wapi?" Walikuwepo. Wachimbaji, ambao mwaka mmoja walikaribia 500, walikuja na wake na watoto, kambi ikawa kijiji kizima, na maji yalikuwa ya kufuata mbali. Kilima kile ni kikavu. Kila ndoo iliyonywewa pale ilikuwa na kichwa cha mtu chini yake, na si vigumu kukisia kilikuwa cha nani. Mimi niliyekulia Lindi, niliyewaona dada zangu wakirudi kisimani, sikuwa nimewahi kuliuliza hilo juu ya Tendaguru. Ilibidi aulize mtu wa Hanoi.

Nikawaambia pia habari za Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, na yumo kwenye picha za msafara. Mjusi wa ukumbini anaitwa Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyekaa Berlin na kutafuta fedha. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, ndipo mtaalamu mmoja alipotoa maelezo ya dinosaria mwingine wa Tendaguru na kumwita Australodocus bohetii. Nilipotaja jina hilo kijana wa Msumbiji aliniomba nilirudie, akalirudia mwenyewe kwa sauti, Boheti, Boheti bin Amrani, chini ya shingo ile ndefu. Watoto wa Kijerumani waliokuwa jirani wakageuka kututazama. Naomba watoto wa Lindi nao walifahamu jina hilo kabla hawajamaliza darasa la saba. Sioni sababu yoyote ya kitabu cha historia cha Tanzania kumwacha nje.

Tulitoka pale tumechoka kwa namna isiyotokana na miguu. Dada wa Rwanda akafungua daftari na kutuongoza kwa miguu kuelekea mashariki, hadi Brunnenstraße. Ni mtaa wa kawaida wa maduka na vyumba vya kupanga, karibu na Rosenthaler Platz, na watu wanapita haraka na kahawa mkononi. Mbele ya namba 193 akasimama, akainama. Pale chini, katikati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kibamba cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi. Miji mingi ya Ulaya inavyo vibamba hivi. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, na kila kimoja kinawekwa mbele ya nyumba ya mwisho aliyoishi kwa hiari mtu aliyeangamizwa na Wanazi. Hiki kina jina la Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam.

Sisi wengine tulipiga magoti naye. Kilikuwa kimefifia na kufanya weusi pembeni. Dada wa Rwanda akatoa kitambaa na dawa ya meno mkobani, akaanza kukisugua polepole, na herufi zikawa zinatoka moja moja. Huku anasugua akatusimulia. Husen alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari Msudani katika jeshi la Wadachi. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki aliingizwa jeshini angali mtoto. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, mshahara wa vita ambao haukulipwa. Serikali ikamkatalia. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akacheza sinema kama Mwafrika wa kila namna iliyotakiwa. Mwaka 1941 alicheza hata katika sinema ya kumtukuza Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, yule yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Mwaka huo huo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

"Mshahara tena," alisema kijana wa Msumbiji.

Hakuna aliyeongeza. Mpita njia mmoja, bibi mzee wa Kijerumani mwenye gari dogo la kubebea vitu, alisimama akauliza tunafanya nini. Dada wa Rwanda akamweleza kwa Kijerumani chake kilichonyooka. Yule bibi akasema amepita hapo miaka mingi na hakuwahi kusoma jina hilo. Akainama kwa taabu akalisoma, akatushukuru, akaenda zake.

Kuna habari ambayo nilijua mimi, na pale ndipo mahali pake palipokuwa. Kiswahili kilifundishwa Berlin tangu 1887, ilipoanzishwa seminari ya lugha za Mashariki ya kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa makoloni. Walimu walitolewa pwani yetu. Mmoja alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ya desturi za Waswahili, yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, bado ni hazina kwa kila anayetaka kujua Mrima ulivyokuwa. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mke wake, serikali ya koloni ikakataa wasishuke pamoja pwani. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha Wadachi lugha ya nchi yetu alizuiwa kukanyaga nchi yetu na mkewe. Kila nilipokutana na mwanafunzi wa Kijerumani wa Kiswahili pale Leipzig, na walikuwepo wazuri sana, nilimtajia jina la Mtoro. Nilitaka ajue mnyororo wa walimu alioingia.

Ukuta tuliuona jioni hiyo, kwenye Bernauer Straße, kwa sababu uko juu kidogo ya mtaa huo huo. Tulitembea kando ya kile kipande kilichohifadhiwa mpaka baridi ikatushinda. Kuhusu Ukuta kuna vitabu vya kutosha, na sina la kuongeza.

Usiku ule jikoni mwa hosteli nusura tugombane. Dada wa Vietnam alisema amechoka na vifo, kesho anataka kulala hadi saa tano. Dada wa Rwanda akamkumbusha sharti, kwa sauti iliyopanda kidogo. Kijana wa Msumbiji aliingia kati kwa njia aliyoizoea: akatuma mmoja akate vitunguu, mwingine afungue kopo la nazi, akatia mchele kwenye maji. Tulikula wali wa nazi na maharage, na juu yake dada wa Vietnam akatia matone ya mchuzi wake wa samaki, jambo ambalo nilidhani litaharibu chakula na badala yake likakikoleza. Baada ya sahani ya pili hakukuwa na aliyekumbuka chanzo cha ugomvi. Tangu hapo, popote ninaposafiri na watu, sikubali uamuzi wowote ufanywe na tumbo tupu. Mambo ya urafiki mengi yanayoonekana makubwa huwa ni njaa.

Asubuhi ya Jumapili tulipanda treni ya chini ya ardhi ya U6 hadi Wedding, na kushuka kwenye stesheni iitwayo Afrikanische Straße. Maduka karibu yote yamefungwa, kama ilivyo kawaida ya Jumapili Ujerumani, mitaa imetulia, majumba ya ghorofa yenye vibaraza na vyungu vya maua. Na kwenye kila kona kibao: Togostraße, Kameruner Straße, Ugandastraße, Tangastraße, Sansibarstraße. Mitaa ya kwanza ilipewa majina hayo mwaka 1899, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijivunia makoloni yake. Jirani hapo, kwenye eneo la Rehberge, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipanga kujenga bustani ya maonyesho ya wanyama na watu kutoka makoloni. Naam, watu. Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyouzuia mpango huo.

Dada wa Rwanda alikuwa akitafuta kibao kimoja, na alipokiona alipiga kelele ya furaha iliyoamsha mtaa. Mohasistraße. Ni ziwa Muhazi, ambalo kijiji cha mama yake kinatazamana nalo. Alipiga simu ya video papo hapo, akaelekeza kamera kwenye kibao, na mama yake, ambaye alikuwa ametoka kanisani, akawaita majirani waje waone. Kelele za Rwanda zikajaa barabara ya Wedding. Nilimtazama rafiki yangu akicheka na kutoa machozi kwa pamoja, na nikaona kwamba majina haya, yaliyobandikwa ili kuonyesha mali, yanaweza kuchukuliwa na wenyewe kwa siku moja.

Si yote lakini. Katikati ya mtaa ule ilipita njia pana ya Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba Peters huyo sasa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Kibao kikabaki vile vile, amebadilishwa mtu tu. Wakazi na wanaharakati, wengi wao Waafrika wa Berlin, walipigania miaka na miaka njia hiyo ipewe jina jipya kabisa. Siku ile sisi tulipita chini ya vibao vya zamani. Agosti mwaka huo huo vikashushwa, na sehemu moja ya njia ikawa Maji-Maji-Allee, nyingine Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa katika maandamano ya Windhoek mwaka 1959. Dada wa Rwanda alinitumia picha usiku ule bila maneno. Nimeiweka kwenye simu yangu hadi leo. Miezi tisa kabla ya vibao hivyo kubadilishwa, Rais Frank-Walter Steinmeier alikuwa amesimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani katika vita vile. Msamaha wa rais ni jambo kubwa. Lakini mimi nina imani zaidi na mtoto wa Kituruki wa Wedding ambaye kila siku anamwambia dereva wa teksi kwamba kwao ni Maji-Maji-Allee, na siku moja atauliza ni nini.

Mchana tulipanda tramu hadi Lichtenberg, kwenye soko la Dong Xuan. Nje ni mabanda marefu yasiyo na sura. Ndani ni Hanoi. Kucha za bandia kwa jumla, maua ya plastiki, vinyozi, magunia ya mchele, samaki hai, na harufu ya majani ya mnanaa na tangawizi. Soko limechukua jina la soko kuu la Hanoi, na limesimama mahali palipokuwa na kiwanda cha serikali ya Ujerumani Mashariki. Dada wa Vietnam, ambaye kwa siku mbili alikuwa mgeni kama sisi, ghafla akawa mwenyeji. Anaagiza, anacheka na wenye maduka, anatuchagulia viti, anatukaripia kwa kuweka pilipili kabla ya kuonja supu. Nilifurahi kumwona hivyo. Kwa miezi yote ya Leipzig nilimjua kama msichana mkimya wa ghorofa ya tatu.

Juu ya bakuli za pho ndipo yeye na kijana wa Msumbiji walipogundua kwamba simulizi za kwao ni moja. Mwaka 1989 Ujerumani Mashariki ilikuwa na wafanyakazi wa mkataba karibu 60,000 kutoka Vietnam. Mama yake mdogo alikuwa mmoja wao. Waliishi kwenye mabweni yenye walinzi, na mwanamke aliyeshika mimba alilazimika kuchagua kuitoa au kurudishwa kwao. Vijana wa Msumbiji nao walianza kuja baada ya mkataba wa mwaka 1979. Sehemu ya mshahara wao, kwa muda fulani hadi asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba itawasubiri nyumbani. Mwaka 1990 nchi iliyowaajiri ikafutika kwenye ramani, wengi wakarudishwa, na walipofika Maputo pesa haikuwepo. Ilikuwa imeingia kwenye hesabu ya madeni ya mataifa mawili. Kwao wanaitwa Madgermanes. Wamezeeka wakiandamana katikati ya jiji la Maputo na bendera za nchi isiyokuwepo tena, wakidai haki yao.

Kijana wetu alimpigia mjomba wake. Mzee akaomba aonyeshwe sokoni, akauliza kiwanda kilikuwa upande gani, akauliza kama tramu bado zina rangi ya njano. Zina rangi ya njano. Kisha akasema kitu kwa Kimakonde ambacho mpwa wake hakututafsiria mara moja. Baadaye alitwambia: mjomba ameuliza kama tumekula, na kama Mjerumani yeyote ametusumbua.

Ndipo nilipoelewa swali lake la jana chini ya mjusi. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ambayo neno mshahara lilitamkwa kila wiki kama jina la ndugu aliyepotea, na alipoingia ukumbi ule aliona kwanza mabega ya watu. Mimi peke yangu ningeona mifupa, ningejivuna, ningepiga picha na kuituma Lindi. Kwa sababu hiyo namshauri mdogo wangu yeyote anayekwenda kusoma ng'ambo: usisubiri kundi la watu wa kwenu ndipo utembee. Nenda na mtu wa nchi nyingine ambaye naye ana deni lake na mji huo. Kabla ya kuondoka soma la kwenu vizuri, maana utaulizwa, na mahali pa kuulizwa hapana maktaba.

Katika treni ya kurudi tulibishana juu ya jambo ambalo kila Mtanzania aliyefika pale hulifikia: je, mjusi arudishwe? Mbunge baada ya mbunge ameliuliza Dodoma. Kijana wa Msumbiji alisema kwanza zilipwe familia za wabebaji, mifupa baadaye. Dada wa Vietnam alisema mnyama amekaa Berlin zaidi ya karne, sasa walipe kwa elimu: kila mwaka vijana wa Lindi waje wasomeshwe kazi ya kuchimba, kusafisha na kuchunguza mabaki hayo hadi wawe wataalamu wanaotambulika. Nami nilielekea huko. Kiunzi kile kukivunja na kukisafirisha ni hatari, na Lindi leo haina jengo la kukipokea. Nataka mafunzo, nataka makumbusho yajengwe Lindi kwa fedha za pande zote mbili, nataka mifupa mingine iliyomo stoo za Berlin ianze kurudi kwa awamu, na nataka jina la Boheti liandikwe kwa Kiswahili mahali ambapo kila mgeni atalisoma.

Dada wa Rwanda alinisikiliza, akafunga daftari lake. "Ukisema hivyo," akaniambia, "umelipunguza deni kabla hujalidai. Dai lote kwanza. Wao ndio waje na sababu za kwa nini hawawezi." Tulibishana hadi Bitterfeld, na tangu kila mmoja arudi kwao tumeendelea kubishana kwa simu. Mimi bado nasema jengo la Lindi litangulie. Yeye bado anasema jengo halitajengwa kamwe kwa ajili ya kitu ambacho hatujakidai.